Kitimoto ya nyumbani: muda ndio kiungo cha kwanza

Nusu kilo ya kitimoto, ndizi mbili na pilipili ya pembeni. Kwa Watanzania wengi wasiozuiwa na imani, agizo hilo ni sehemu ya mwisho wa wiki, kuanzia baa za Sinza na Kimara jijini Dar es Salaam hadi Moshi, Iringa na Mbeya. Mteja anaagiza, anapewa kinywaji, anasubiri. Akianza kulalamika kwamba amecheleweshwa, mpishi anapepea mkaa kwa nguvu. Hapo ndipo nyama inapoharibika. Nje inaungua, ndani inabaki mbichi na ngumu, kisha chumvi, ndimu na pilipili vinaletwa kuficha kasoro ambayo saa moja zaidi jikoni ingeiondoa.

Anayechoma nyumbani ana mtaji ambao mpishi wa baa hana, nao ni muda. Hakuna foleni ya wateja inayomsukuma wala meza ya jirani inayolalamika. Anaweza kuchagua nyama mwenyewe, kuilaza na chumvi usiku kucha na kuisimamia motoni saa tatu mfululizo. Nguruwe anastahili kupewa muda huo kuliko mnyama mwingine yeyote anayeuzwa buchani, kwa sababu moto wa taratibu unamfanyia mpishi kazi mbili kwa mpigo: unaleta utamu na unaondoa hatari. Mwenye kujali ladha kwa dhati na mwenye kujali afya ya wageni wake wanafuata njia ileile.

Safari inaanzia buchani

Ufugaji wa nguruwe umeshamiri Nyanda za Juu Kusini, katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma na Rukwa. Kaskazini kuna Kilimanjaro, Arusha na Mbulu mkoani Manyara. Wapo wafugaji wenye mabanda safi, wanaolisha pumba, mashudu na mboga, na wanaochimba vyoo na kuvitumia. Wapo pia wanaoacha nguruwe wazurure kijijini kutafuta riziki. Tofauti ya wafugaji hao wawili inafika moja kwa moja kwenye sahani ya mlaji.

Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu akikikuta porini au nyuma ya nyumba isiyo na choo. Iwapo mtu aliyejisaidia pale ana tegu wa nguruwe tumboni, nguruwe anameza mayai ya mnyoo huyo. Mayai huanguliwa, na viluwiluwi hujificha katika misuli yake kama vifuko vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere, kila kimoja kikiwa na kidoa cheupe ndani. Binadamu akila nyama hiyo bila kuiva, kifuko kinafunguka tumboni mwake na kuwa tegu mzima, na mzunguko unaanza upya.

Kuna njia ya pili ya maambukizi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mtu akimeza mayai yanayotoka kwa mwenye tegu, kwa kula chakula kilichoshikwa na mikono michafu au mboga isiyooshwa, vifuko hujijenga ndani ya mwili wake mwenyewe, na vikifika ubongoni husababisha kifafa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika maeneo mengi ambako tegu huyu ameota mizizi, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wanaupata kwa sababu yake. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Haydom, Mbulu, waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa kifafa na kukuta baadhi yao wana vifuko hivyo. Hiki ni kifafa kinachozuilika, na katika jamii yetu wagonjwa wake bado wanadhaniwa wamerogwa.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza muuzaji ni ya msingi kabisa. Nguruwe huyu kachinjwa wapi? Nani kamkagua? Muhuri uko wapi? Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyoanzisha Bodi ya Nyama Tanzania, inalenga kuona biashara ya nyama inafuata utaratibu unaomlinda mlaji, na mkaguzi wa nyama hupiga muhuri kwenye mzoga aliouridhia. Bucha lenye nyama iliyokaguliwa halioni taabu kuonyesha alama hiyo. Muuzaji akianza kung'aka au kuzungusha maneno, ondoka. Ukishanunua, angalia pale nyama inapokatwa. Nyama nzuri ina rangi ya waridi, ni kavu kiasi, mafuta yake ni meupe na harufu yake ni hafifu. Ukiona vifuko vya maji katikati ya misuli, rudisha nyama na umjulishe ofisa mifugo wa kata.

Nyakati fulani biashara husimama kwa sababu nyingine, homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo ukiingia kwenye banda unaweza kumaliza nguruwe wote. Haumwambukizi binadamu, lakini virusi vyake hukaa muda mrefu katika nyama mbichi. Serikali inapopiga marufuku kusafirisha nguruwe kutoka wilaya fulani, nyama ya magendo inayouzwa kwa bei ya kutupa inasambaza msiba kwa wafugaji wengine. Vivyo hivyo kwa mpishi wa nyumbani: mabaki mabichi na mifupa isitupwe mahali ambapo nguruwe watayafikia.

Bega na mbavu

Wengi huomba sarara kwa sababu ni nyama tupu. Kwa kuchoma taratibu, sarara ni chaguo gumu, kwani haina mafuta ya kutosha na ikipita kiwango kidogo tu inakauka. Omba bega. Ni kiungo kinachofanya kazi kila siku nguruwe anapotembea, hivyo kina kano nyingi na mafuta yaliyopenya katikati ya misuli. Katika moto mkali kano hizo zinakaza kama mpira. Katika moto wa wastani kwa muda mrefu, kolajeni iliyomo inayeyuka taratibu na kuwa jelatini, na nyama iliyokuwa ngumu inakuwa laini yenye unyevu unaonata vidoleni.

Kwa watu sita, bega la kilo 2 lenye mfupa linatosha, pamoja na kilo 1 ya mbavu kwa wale wasioridhika bila kung'ata mfupa. Mwambie muuzaji asikate vipande vidogo. Acha mafuta ya juu yenye unene wa sentimita moja hivi. Yaliyozidi hapo yapunguze, kwa maana yataishia kudondokea mkaa na kukuletea moshi mchungu.

Chumvi usiku, ndimu mwishoni

Viungo vya kitimoto ni vichache, na uzuri wake uko hapo. Kwa kila kilo ya nyama pima vijiko viwili vya chai vya chumvi ya unga, vilivyosawazishwa. Twanga punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole na kijiko cha chai cha pilipili manga. Pakaa kote, hasa kwenye mikunjo ya nyama na karibu na mfupa, funika, weka kwenye friji hadi kesho yake. Chumvi hufanya kazi polepole. Mwanzoni inavuta maji juu ya nyama, kisha maji hayo yenye chumvi yanarudi ndani, na kufikia asubuhi ladha imeshapenya na nyama inashika maji yake vizuri zaidi motoni.

Ndimu isiguse nyama usiku huo. Asidi ikikaa muda mrefu inaipika nyama kwa juu, inaipausha na kuifanya iwe kama unga mdomoni. Papai bichi, ambalo wengi hulitumia kulainishia nyama, lina kimeng'enya kikali kinachogeuza uso wa nyama kuwa rojo. Bega lililopewa saa tatu halihitaji msaada huo. Ndimu ina nafasi yake, nayo ni mwisho kabisa, nyama ikiwa imeshakatwa na bado inafuka mvuke.

Kuna somo la kuchukua kwa wachoma nguruwe wa Carolina Kaskazini, Marekani. Mashariki mwa jimbo hilo, katika miji kama Ayden ambako Skylight Inn imekuwa ikichoma tangu 1947, nguruwe mzima hulazwa juu ya makaa ya kuni usiku kucha, kisha hukatwakatwa na kutiwa siki na pilipili. Magharibi zaidi, Lexington, mji ambao umekuwa na tamasha lake la nyama hiyo tangu 1984, wanachoma bega tu, na siki yao wanaitia ketchup kidogo. Pande hizo mbili hubishana bila kuchoka juu ya nyanya, lakini zinakubaliana katika mambo mawili: kitu kichachu kinaingia baada ya nyama kuiva, na kuni huchomwa pembeni kwanza, yakaletwa chini ya nyama makaa matupu. Mambo yote mawili yanafaa kwenye uwanja wa nyumba ya Tabata sawasawa na Lexington.

Moto wa pande mbili

Jiko zuri ni lile lenye nafasi. Pipa lililokatwa katikati linafaa, na matofali yaliyopangwa mraba na kuwekewa wavu wa chuma yanafaa vilevile. Epuka wavu au bati lililopakwa zinki, maana likipata joto kali linatoa moshi wenye sumu. Mfuniko unaweza kuwa sufuria kubwa ya aluminiamu iliyopinduliwa juu ya nyama. Jiko likae nje, mahali penye hewa. Mkaa unaowaka chumbani au kwenye korido iliyofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na imeshaua watu wakiwa usingizini.

Washa mkaa kwa karatasi na vijiti vikavu. Mafuta ya taa yanaacha harufu isiyotoka kwenye nyama. Subiri hadi kila kipande cha mkaa kivae majivu ya kijivu, kisha sukuma makaa yote upande mmoja wa jiko. Upande wa pili, usio na makaa, weka chombo cha bati chenye maji kidogo, na nyama ikae juu yake, mafuta yakitazama juu. Huo ndio moto wa pande mbili: upande mmoja unapika, mwingine unasubiri zamu yake.

Kujua kama joto ni sahihi, weka kiganja juu ya wavu upande wa nyama, kwa umbali wa upana wa kiganja chenyewe. Ukiweza kuvumilia sekunde nane hadi kumi, joto ni la wastani na linafaa. Ukitoa mkono kabla ya tano, punguza makaa au sogeza nyama. Tega sikio pia. Mafuta yanayodondoka kwenye chombo cha maji yanatoa mlio mdogo, wa tone moja moja. Ukisikia mchemko mfululizo na kuona moshi mzito mweusi, mafuta yanaangukia makaa na ndimi za moto zinailamba nyama. Usimwagie maji, kwani majivu yataruka na kuganda juu yake. Isogeze mbali na moto, funika, na ndimi zitakufa zenyewe.

Kila baada ya nusu saa ongeza makaa machache yaliyokwisha kuwaka kwenye jiko dogo la pembeni. Mkaa mbichi ukiutia moja kwa moja, moshi wake wa mwanzo unaleta uchungu. Mwenye tawi kavu la mwembe anaweza kutia kipande kimoja juu ya makaa kila mara, kupata moshi mwepesi wenye harufu nzuri. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisikaribie jiko.

Katika saa ya pili nyama huonekana kama imegoma. Rangi haibadiliki, joto la ndani halipandi, na wageni wanaanza kuchungulia jikoni. Kinachotokea ni kwamba maji yanayotoka kwenye nyama yanageuka mvuke na kuipoza, kwa kiasi kilekile ambacho makaa yanaipasha. Wapishi wengi hushindwa hapa, wakapepea moto na kupoteza kazi yote ya saa mbili. Acha mfuniko mahali pake. Uso ukishakauka, joto litapanda tena, na ndani ya kipindi hichohicho cha kusubiri kano zinaendelea kuyeyuka.

Imeiva au imeungua?

Rangi ya nje si shahidi wa kuaminika. Kipimajoto cha nyama ndicho kinachosema kweli, na siku hizi kinapatikana katika maduka ya vyombo vya jikoni kwenye miji mikubwa. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka vipande vikubwa vya nguruwe vifike nyuzi 63 za Selsiasi na kupumzishwa dakika tatu kabla ya kuliwa. Kwa bega la kuchoma taratibu kiwango hicho kinapitwa mapema sana, kwa sababu halilainiki mpaka likaribie nyuzi 90. Ndiyo maana nimesema utamu na usalama vinatembea pamoja: bega likifikia ulaini unaoutaka, vifuko vya tegu vimekufa zamani.

Asiye na kipimajoto atumie kisu chembamba. Kichomeke sehemu nene zaidi, karibu na mfupa, ukihesabu sekunde chache kabla ya kukitoa. Kiingie bila kukwama, majimaji yanayofuata yawe maangavu, na mfupa wa bega ukiuzungusha uwe karibu kuachia nyama. Bega la kilo 2 huchukua saa tatu hadi tatu na nusu, mbavu zikichukua kama saa mbili. Hapo sasa hamishia nyama upande wa moto mkali kwa dakika kumi, ukiigeuza mara kwa mara, mpaka mafuta ya juu yachemke na kukauka kwa rangi ya dhahabu iliyokolea. Itoe na uiache dakika kumi na tano kabla ya kukata.

Imani moja inabidi isemwe wazi kwamba haina ukweli. Wapo wanaoamini pombe kali, pilipili nyingi au ndimu vinaua minyoo iliyomo kwenye nyama isiyoiva. Haviui. Kinachoua ni joto lililofika hadi ndani. Kugandisha nako kunasaidia: nyama iliyokaa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku tatu, vifuko vyake hufa. Hata hivyo friza inayozimwa na mgawo wa umeme haitoi uhakika huo, kwa hiyo tegemeo libaki kwenye moto.

Kachumbari na mikono

Kitimoto bila kachumbari ni nusu ya mlo. Nyanya, kitunguu maji kilichooshwa kwa chumvi, tango, pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba, majani ya kotimiri na ndimu. Ndizi mzuzu zilizoanza kuiva huchomwa na maganda yake upande wa makaa mpaka maganda yawe meusi, kisha humenywa zikiwa moto. Utamu wake na uchachu wa ndimu hukata uzito wa mafuta, na mlaji anaendelea kula bila kukinai.

Sasa kumbuka njia ile ya pili ya maambukizi. Mayai ya tegu yanayoleta kifafa hayatoki kwenye nyama, yanatoka kwa binadamu, na hupita kwenye mikono na vitu vinavyoliwa vibichi. Mtu anaweza kuchoma nyama kwa ustadi wote huu kisha akawaambukiza wageni kwa kachumbari. Mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Mkata kachumbari anawe mikono kwa sabuni, na ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe nyanya. Familia zinazokunywa dawa za minyoo kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na zenye choo kinachotumika na kila mtu, zinajilinda kuliko zile zinazotegemea kuacha kula kitimoto pekee. Hata asiyeigusa nyama hii maisha yake yote anaweza kuugua, mradi jirani yake ana tegu na hanawi mikono.

Jirani yako hali

Nyumba nyingi za mijini zina wapangaji wa imani tofauti wanaotumia uwanja mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Waislamu na Wasabato hawali nguruwe, na kwa wengi wao harufu na vyombo vyake ni jambo zito la imani. Mwaka 1993 mabucha kadhaa ya nguruwe jijini Dar es Salaam yalivunjwa, tukio linalokumbusha kwamba amani ya ujirani haiji yenyewe, inatunzwa. Weka sufuria, kisu, ubao na wavu vya kazi hii peke yake. Toa taarifa mapema, tazama upepo unavumia wapi, ahirisha katika mwezi wa Ramadhani ikiwa mnachangia uwanja. Mgeni asiyekula atengewe kuku aliyepikwa kwenye vyombo visivyogusa nguruwe, tena aambiwe ukweli wa nini kimepikwa wapi. Heshima hiyo haigharimu chochote na inamwachia kila mtu nafasi ya kufurahia mlo wake.

Nguvu ya mnunuzi

Kutoka akabenz ya Rwanda hadi mishikaki ya nguruwe ya Kampala, eneo letu lote limeipokea nyama hii, na fedha iliyomo ndani yake inawafikia wakulima wadogo wengi. Nguruwe hukua haraka na huzaa watoto wengi kwa mara moja. Kwa kaya ya Mbozi au Mbulu, watoto wachache wa nguruwe ni ada ya shule na mbolea ya shamba. Wafugaji hao hawatajenga mabanda kwa kuhubiriwa tu. Watajenga soko likianza kulipa zaidi kwa nguruwe wa bandani na kukataa nyama isiyojulikana ilikotoka.

Soko hilo ni sisi tunaonunua kilo mbili mbili mwisho wa wiki. Bucha la mtaani likiulizwa muhuri na mteja mmoja, litacheka. Likiulizwa na kila anayeingia, litamtafuta mkaguzi, mkaguzi atamrudisha nyuma mchinjaji wa vichakani, na mchinjaji atakwenda kununua kwa mwenye banda. Shilingi mia chache zinazoongezeka kwenye kilo ni bei halali ya kazi hiyo. Uliza muhuri wikiendi hii, na uulize tena wikiendi ijayo, hata kama muuzaji ni rafiki yako.